Kidole cha Mama Rajabu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Naanza daftari. Sio kwa kupenda. Mke wangu Maimuna kasema kachoka. Kila tukikaa kula, mimi namtubia kitu. Juzi nilitubu kwamba mwaka 2009 nilikula mnofu wa mgeni jikoni nikasingizia paka. Akaniambia, Baba Rajabu, toba zako zinapoza chai. Nunua daftari, ulitubie hilo. Nimenunua. Kurasa tisini na sita. Sijui kama zitatosha.

Ramadhani inakaribia. Ustaadhi kasema mtu auingie mwezi mtukufu akiwa mwepesi. Mimi nina mizigo.

Kazi yangu ni fremu. Karakana iko Mchafukoge, chini ya ghorofa, karibu na ngazi. Leo kashuka Leticia, binti mchoraji, mtu wa Masasi, kapanga chumba juu. Shikamoo baba. Marahaba. Kaleta picha imekunjwa kama mkeka, niiwambe kwenye mbao kisha niitie fremu. Inaenda kwenye maonyesho Upanga, Jumamosi ya tarehe 22. Ndiyo picha yake kubwa ya kwanza kuonyeshwa kwa watu. Kasema baba, hii ndiyo roho yangu. Nikamwambia roho yako nitaitilia mninga.

Nikaikunjua. Taarabu! Ile ya wanawake, ya harusi ya mwezi uliopita kwa binti wa mwenye duka la vitenge. Wanaume marufuku. Simu zote zilitiwa kapuni mlangoni. Kariakoo nzima hakuna mwanaume anayejua mle ndani kulikuwaje. Nimekuwa wa kwanza. Niliona haya. Nikaendelea kutazama.

Katikati mwimbaji, Bi Sitara, mdomo wazi, shingo imetuna, dhahabu mpaka viwiko. Nyuma yake fidla, kinanda, ngoma. Sauti yenyewe kaichora! Mistari ya rangi inatoka kwenye vyombo kama moshi, inatambaa juu ya vichwa vya wanawake. Wote sare ya rangi ya chungwa. Unatazama tu, mguu unaanza kugonga sakafu wenyewe.

Na mbele kabisa mwanamke kasimama. Mkono wa kulia anambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Mkono wa kushoto kaunyoosha, kidole kimetoka, kinaelekea nje ya picha. Kinaelekea kwa anayeitazama.

Mke wangu. Maimuna. Kidole kinanielekea mimi!

Nimeikunja. Nimeikunjua. Bado.

Jumanne, 4 Februari

Daftari, wewe umetoka kiwandani, hujui mambo ya pwani. Nikueleze. Kwenye taarabu mtu hainuki hovyo kwenda kutunza. Wimbo una beti kumi, wewe unakaa, unakunywa soda yako. Likifika beti lako, unainuka, unacheza mpaka kwa mwimbaji, unamtunza. Ukishambandika noti, lile beti sasa ni la kwako. Ni kama umelitamka wewe mwenyewe. Na ukinyoosha mkono upande fulani, aliyeko upande ule kapelekewa salamu zake, na ukumbi mzima umeona.

Kwa hiyo swali ni moja. Maimuna alikuwa anampa salamu nani?

Hapa inabidi niandike dhambi kubwa. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilitaka kuongeza mke. Nimeandika. Haijafutika.

Anaitwa Ummy. Mjane, mkaangaji wa samaki pale Feri. Nilipeleka fremu kwenye ofisi moja Kivukoni, nikapita kula samaki, changu wa kukaanga. Siku ya pili nikaenda bila fremu. Baada ya mwezi nilikuwa najua majina ya sufuria zake. Nikatunga barua ya posa. Maneno yangu mwenyewe, mwandiko wa mzee mmoja wa kulipia, herufi zimejikunja kama jalebi. Mshenga nikamtuma Abdulrazak.

Abdulrazak ana duka mkabala na mimi. Anauza picha za kiwandani, farasi wanaokimbia na maporomoko yenye taa ndani. Anasema fremu zangu ni za kutundikia marehemu. Nilimtuma kwa sababu moja tu, ana kanzu nzuri.

Barua ilirudi siku ya tatu. Ina madoa ya mafuta. Abdulrazak akasema kakataa, pole kaka. Kwa kweli nilishukuru, maana nilishaanza kuogopa. Lakini barua sikuichoma. Niliificha mahali ambapo fundi wa fremu peke yake angewaza, nyuma ya picha yetu ya harusi, ukutani sebuleni, kati ya picha na ubao. Tangu siku ile sisimizi hawakomi. Wanapanda ukuta kwa mstari. Maimuna anapiga dawa, anashangaa, anasema wadudu hawa wanampenda bwana harusi kuliko nilivyompenda mimi.

Leo nimevuka barabara, nimemkaba Abdulrazak. Umemwambia mke wangu? Kaapa kwa Mungu, kwa mama yake, na kwa duka. Kasema labda mama alikuwa anaagiza soda. Kasema kama nina shaka nimuulize mwenyewe.

Ushauri wa mtu aliyeachika mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Mpango wa kwanza. Mzuri sana.

Picha ukiiwamba, pembeni unaacha kitambaa kidogo cha kukunjia nyuma ya mbao. Kiasi gani? Fundi ndiye anayejua. Mimi leo nimejua sana. Nimekata mbao fupi kwa kiganja kimoja, nikavuta, nikakunja, nikapiga misumari. Kidole kimeenda nyuma. Maimuna kabaki na mkono unaoishia kwenye kiwiko, kama mtu anayepitisha mkono dirishani. Safi kabisa.

Saa tisa kashuka Leticia. Kasimama mbele ya picha. Halafu kaniuliza kwa adabu zote, baba, mkono wangu uko wapi?

Nikamwambia mninga unasinyaa wakati wa joto.

Kaigeuza picha, kakuta kidole kimelala nyuma, kimepigwa msumari kwenye ukucha. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Macho yalimjaa maji tu, akasema wiki tatu alikuwa anatafuta namna ya kuichora sauti, na mwisho sauti yote inatokea kwenye kile kidole. Nikajisikia mdogo kama pini. Nimeahidi kurudia kazi bure.

Nikajikaza nikamuuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, mama huyu alisimama beti gani? Kasema yeye mtu wa Masasi, nyimbo za pwani hazijui, ila kipande kimoja kilimkaa kichwani. Kaniimbia hapohapo ngazini:

Nimekupikia ukashiba, ukajipangusa mdomo,
mbona bado wanusa moshi wa jiko la jirani?

Moshi! Jiko! Changu!

Nimekaa kwenye benchi mpaka Leticia akaniletea maji.

Ijumaa, 7 Februari

Nimemchunguza Maimuna siku nzima. Anashona kwenye cherehani barazani, anaimba kwa pua. Jana kapika samaki. Juzi samaki. Leo, wallahi, samaki. Nikamuuliza mbona samaki kila siku. Kasema siku hizi bei imeshuka, kwani wewe si unapenda samaki?

Si unapenda samaki! Kasema hivyo na uso mkavu kabisa. Mwiba ukanikwama kooni. Kanipiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nadhani.

Jioni nikaenda kwa Mama Victoria, muuza vitumbua, alikuwepo kwenye taarabu ile. Nikanunua vitumbua vya watu sita. Nikamzungusha maneno. Kanitazama, kageuza kitumbua, kasema ya ukumbini hubaki ukumbini, baba. Lakini mbona unatoka jasho? Halafu kawaita wenzake wawili waje waone ninavyotoka jasho. Wamenicheka mpaka mmoja kakalia ndoo.

Kwa hiyo wanajua. Mtaa mzima unajua.

Jumapili, 9 Februari

Mpango wa pili. Huu niuandike haraka, unauma.

Picha nimeiwamba upya, sawasawa, kidole nje. Kinaniangalia. Nimefanya kazi nimekigeuzia mgongo, bado nakisikia. Nikawaza, tatizo sio mkono, tatizo ni mkono mtupu. Mwanamke wa harusini akishika kipepeo, huyo hamwonyeshi mtu. Anajipepea. Nani atamlaumu mtu kwa joto?

Leticia alikuwa kanisani. Nikachukua rangi yangu ya fremu, ya kahawia, na brashi ndogo. Nikamchorea Maimuna kipepeo cha ukili. Mpini, sawa. Jani, sawa. Nikatia michirizi ya ukili. Nikarudi nyuma hatua tatu kutazama.

Samaki.

Kapata mkia, kapata magamba. Mke wangu kasimama mbele ya ukumbi mzima, kashika changu, ananielekezea.

Nikafuta kwa mafuta ya taa na kitambaa. Samaki kaondoka, ashukuriwe Mungu. Lakini kahawia ilibaki kidogo pale kwenye ncha. Kidole kimerefuka! Kilikuwa cha mtu, sasa ni cha mwalimu mkuu. Nikifuta zaidi nitatoboa. Nimeifunika picha na shuka. Kinatokeza kwa chini ya shuka, au naota.

Siwezi kuuingia mwezi hivi. Kesho nasema.

Jumatatu, 10 Februari

Nimesema.

Asubuhi, chai ya tangawizi, chapati mbili. Maimuna kaniona nimeweka mikono magotini, kasema Baba Rajabu, daftari liko wapi? Nikamwambia hii haienei daftarini. Nikatoa yote kwa pumzi moja. Ummy, Feri, changu, barua, mshenga, kanzu ya mshenga. Nikamwambia najua kwamba unajua, nimekiona kidole, umenisitiri mwezi mzima hukuniumbua, wewe ni mwanamke wa peponi, nisamehe.

Kaweka chapati chini. Kauliza, kidole gani?

Nikasogeza kikombe pembeni.

Kauliza, Ummy yupi?

Yarabi. Alikuwa hajui. Alikuwa hajui kitu!

Kaniuliza barua iko wapi. Ningeweza kusema imepotea. Lakini mdomo ulishazoea ukweli, ukaenda nao mpaka mwisho. Nikaelekeza picha ya harusi. Kaishusha mwenyewe. Kang'oa misumari yangu minne kwa kisu cha mkate. Sisimizi wakamwagika mezani. Kaisoma barua taratibu kama mtu anayepima nguo. Sehemu moja kaisoma kwa sauti: "Mimi ni mtu mpweke." Kaniuliza mpweke ni nani, maana yeye ndani ya nyumba hii humwona mtu kila siku anaomba chumvi.

Nikadhani atapiga kelele. Hakupiga. Kaikunja barua, kasema kitu kimoja tu. Kasema, miaka ishirini na sita. Kuongeza mke, wanaume wengi wamewaza, na wengi wamepona. Lakini mimi hujaniandikia hata karatasi ya kwenda dukani.

Hiyo sikuitegemea. Imeniingia mahali pabaya. Ni kweli. Posa yake aliiandika marehemu baba.

Kaingia chumbani, kaniletea mto na shuka. Kasema karakana ina nafasi.

Jumanne, 11 Februari

Nimelala kwenye benchi. Maranda ya mbao yamenipa alama shavuni.

Kama sina cha kupoteza, nikamuuliza Leticia swali ambalo nilipaswa kumuuliza Jumatatu ya kwanza. Mama huyu, kule ukumbini, alikuwa anamwonyesha nani kidole?

Leticia kashangaa. Kasema, hakumwonyesha mtu, baba. Mkono ule alikuwa kashika mkoba.

Mkoba!

Kasema pale pembeni palikuwa patupu, picha ilikuwa inaangukia upande mmoja, kwa hiyo akatoa mkoba, akanyoosha mkono. Na lile beti? Kasema lile alilisikia wakati wanaondoka, watu wanatafuta viatu. Mama mwenyewe aliinuka kwenye beti la kumsifu bibi harusi. Alimtunza tu, akarudi kukaa.

Nimetubu kwa ajili ya mkono wa uongo. Nimevunja nyumba yangu kwa sababu picha ilikuwa inaangukia upande!

Nikaona bora nimalize. Nikamwonyesha Leticia nilichofanya na kahawia. Nilikuwa tayari kwa lolote. Kainama, kakitazama kidole kwa muda mrefu, kasema alikuwa anasikia kinapungua kitu pale, hajui nini. Kumbe urefu. Kasema nikiache hivyohivyo. Halafu kaniambia, baba, usilie, utalowesha picha.

Alhamisi, 13 Februari

Abdulrazak kapita kaniona nanawa uso kwenye bomba la nje, mswaki mkononi. Kasema karakana imepata mlinzi. Kanipa pole ya mdomo. Sikumjibu. Ana farasi kumi na wawili dukani na hakuna hata mmoja anayempenda.

Saa nne kaja na habari. Mama Rajabu kaonekana kavaa baibui jipya, kashika njia ya Kivukoni. Ana bahasha.

Nikatupa msumeno.

Feri ilikuwa katikati ya mnada, watu wamebanana. Nikajipenyeza nyuma yao. Nikawaona. Maimuna kakaa kwenye kigoda cha Ummy. Ummy anageuza samaki. Hawapigani. Nikasogea. Maimuna anasoma barua kwa sauti, na Ummy anajipiga paja. Anacheka! Anacheka mpaka kijiko cha kukaangia kinamtoka. Upepo ukaniletea maneno. Ummy anasema, dada, mimi sikuisoma barua hii. Nilijua ni ya mchango wa harusi, zinakuja kila wiki. Yule bwana wa kanzu alitaka samaki wa kufungiwa, nikamfungia nayo.

Kwa hiyo hakunikataa! Alikuwa hajanisoma tu.

(Sentensi hiyo nimeikata, lakini kalamu hii hafifu, bado inasomeka. Astaghfirullah.)

Na samaki alikula Abdulrazak. Mshenga gani huyu? Kanirudishia karatasi ya kufungia chakula akaniambia pole.

Hapo Maimuna akageuza kichwa upande wangu. Nikainua mkono haraka kuziba uso. Dalali akapiga ukelele, nimemwuzia mzee! Kabla sijaelewa nimekabidhiwa ndoo mbili za vibua. Mnadani mkono ukiinuka, umenunua. Sijui ni nani aliyenilaani na mikono mwaka huu.

Nimefika nyumbani nimebeba ndoo mbili za samaki. Mke ambaye ana kesi na mimi ya samaki kasimama mlangoni. Katazama ndoo. Katazama uso wangu. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nimeona upande mmoja wa mdomo wake unapanda. Halafu akaukamata, akaushusha. Kasema vibua vipelekwe kwa majirani, mimi nipelekwe karakana.

Jumatano, 19 Februari

Siku ya tisa ya benchi. Mgongo umekuwa fremu. Chakula analeta mtoto wa jirani, kimefunikwa vizuri, kina chumvi ya kutosha. Hiyo ni dalili njema au ni kejeli?

Nimetuma watu wawili kuniombea msamaha. Wa kwanza kapewa chai, kakaa saa mbili, kasahau kilichompeleka. Wa pili ni Ustaadhi. Karudi kaniambia mwanamke huyu ana hoja, na mimi mwenyewe sijawahi kumwandikia wangu, nikitoka hapa napita duka la kalamu.

Leticia kasema kamwalika Mama Rajabu Jumamosi kwenye maonyesho. Bendi ileile itapiga, Bi Sitara ataimba. Wanaume na wanawake pamoja. Maimuna kakubali. Na mgeni wake anakuja naye. Mgeni gani? Leticia kasema, mama mmoja anatokea Feri.

Jumapili, 23 Februari

Jana. Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi umejaa. Picha ukutani katikati, fremu ya mninga, kona zimekutana vizuri, hiyo nitaisema hata kama nakufa. Nilikuwa nimeingia mapema kukaza waya wa nyuma. Nikakaa mstari wa pili, kanzu imepigwa pasi. Kushoto kwangu kakaa Abdulrazak, kanifuata kama deni.

Akaingia Maimuna. Sare ileile ya rangi ya chungwa. Pembeni yake Ummy, kajifunga kanga mpya. Wakasimama mbele ya picha. Maimuna akaitazama mpaka nikasahau kupumua. Akatazama uso wake, noti, mkono. Akamuuliza Leticia kitu sikioni. Leticia akacheka, akanitazama mimi. Ummy akatazama kidole, akajitazama chake, akasema kwa sauti ya mnadani, dada, hapa wamekuongezea.

Bendi ikaanza. Fidla ikalia. Bi Sitara akaimba wimbo ule. Beti la kwanza Maimuna kakaa. La pili kakaa. La tatu, la nne, anakunywa soda. Nikaanza kupata matumaini. Nikamwambia Abdulrazak unaona, mke wangu ni mtu wa heshima.

Nimekupikia ukashiba...

Akainuka.

Akampa Ummy mkoba. Hapo nikajua. Mkoba umetoka, mkono uko wazi. Akatembea kwa mwendo wa wimbo, mabega yanazungumza, ukumbi unashangilia. Akambandika Bi Sitara noti kwenye paji la uso. Na mkono wa kushoto ukaanza kunyooka, taratibu, kama mlango usiotiwa mafuta.

Niseme kitu nilichokiona kwa macho yangu. Kabla kidole hakijafika, wanaume wa ule ukumbi waliinama. Abdulrazak aliingia chini ya kiti. Mzee mmoja wa tai akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na kavaa makubazi. Nimewahesabu tisa. Mimi peke yangu nilibaki nimekaa. Sio ushujaa. Magoti yaligoma.

Kidole kikafika. Kikanitua kifuani.

Watu wakatazama picha, wakanitazama mimi, wakatazama picha. Vigelegele! Leticia alikuwa analia na kupiga makofi. Alisema sasa picha yake imekuwa kweli. Mimi nilitaka ardhi ipasuke, lakini kwa upande mwingine, niandike na hili, sijawahi kumwona Maimuna mzuri vile. Miaka ishirini na sita nimetazama anavyopika. Jana nimemtazama yeye.

Wimbo ulipokwisha akaja moja kwa moja, jasho linamtiririka, anahema. Nikasimama. Akachukua mkoba kwa Ummy akanitwika mimi. Akasema, nishikie. Halafu akasema, Baba Rajabu, pale uliposhindwa kuinama ndipo nilipokusamehe. Nusu. Nusu nyingine utaitolea jasho. Akanipa na barua yangu. Akasema, hii ukaichome mwenyewe, kwa mkono wako, nisiione tena. Na mimi nasubiri ya kwangu.

Nikasema ndiyo. Nikasema wallahi. Nililia kidogo ndani ya mkoba wake.

Nimelala kitandani kwangu. Allah mkubwa.

Jumatano, 26 Februari

Siku ya habari njema. Leticia kaamua picha haiuzi. Kampa Maimuna, zawadi. Jana nimeitundika mwenyewe sebuleni. Iko mkabala na kiti changu. Nikinywa chai kidole kipo. Nikisoma gazeti kidole kipo. Abdulrazak kaja kuangalia, kakaa upande wa kulia, kasema pale hakimfikii. Sasa anakuja kila siku na kile ndicho kiti chake.

Kuhusu kuchoma barua. Niliwasha kiberiti, Mungu shahidi. Lakini nikaisoma mara ya mwisho. Daftari, ni barua nzuri! Sitaandika tena nyingine kama ile hata nikae mwaka. Na Maimuna anasubiri ya kwake kabla ya mwezi mtukufu, zimebaki siku tatu nne. Kwa nini niharibu kazi iliyokwisha? Mwandiko upo. Maneno yapo. Ni kubadilisha jina tu.

Jina nimelikwangua kwa wembe, limetoka safi. "Unavyogeuza samaki" nimeandika "unavyogeuza kitambaa". "Mjane mwenzangu wa moyo" bado inanipa tabu, lakini kuna njia. Madoa ya mafuta nitasema ni ya cherehani.

Wakati naimalizia nimeihifadhi mahali ambapo hakuna mtu atakayewaza kutafuta mara ya pili, nyuma ya picha mpya, kati ya kitambaa na ubao. Misumari minne.

Maimuna yuko barazani, anashona, anaimba lile beti. Nyumba ina amani. Moyo wangu mwepesi, hata Ustaadhi angeniinua kwa mkono mmoja.

Sisimizi watatu wameanza kupanda ukuta. Kesho nitanunua dawa.